Tangi la Samaki la Wima: Vipimo vya Kujua Kabla ya Kulipa

Nyumba nyingi mpya zinazojengwa Mkonze na katika kata nyingine za pembezoni mwa Jiji la Dodoma zina sebule zenye dari la juu, na baadhi ya wenye nyumba hizo wamependa kuweka humo tangi la samaki. Kwa kuwa nafasi ya sakafuni imekwisha kuchukuliwa na makochi na kabati la televisheni, fundi wa vioo huombwa atengeneze tangi jembamba linalopanda juu, lisimame kama nguzo katika kona ya chumba. Somo hili linahusu tangi la namna hiyo, ambalo hapa tutaliita tangi la wima: tangi la maji baridi, kwa maana ya maji yasiyo ya bahari, ambalo kimo chake kinazidi urefu wake wa mbele.

Tangi la wima likitengenezwa vyema ni pambo lisilo na mfano. Tatizo la mlaji huanzia kwenye kipimo kinachotumika kulitangaza na kulipangia bei, yaani lita. Lita humweleza mnunuzi wingi wa maji. Hazimwelezi kioo kitabeba mzigo gani wala samaki wangapi watapata pumzi.

Lita 270 za aina mbili

Tuchukue mfano wa matangi 2. La kwanza, la mlalo, lina urefu wa sentimita 120, upana wa sentimita 50 na kimo cha sentimita 45. La pili, la wima, lina urefu wa sentimita 60, upana uleule wa sentimita 50, na kimo cha sentimita 90. Ukizidisha, kila moja lina lita 270. Muuzaji anayepanga bei kwa lita atayaita sawa.

Msukumo wa maji juu ya kioo hautegemei wingi wa maji bali kina chake. Ndiyo sababu ukuta wa bwawa hujengwa mnene chini na mwembamba juu. Katika mfano wetu, kioo cha mbele cha tangi la mlalo husukumwa kwa nguvu inayolingana na uzito wa takriban kilo 120. Kioo cha mbele cha tangi la wima, ambacho urefu wake ni nusu tu ya kile cha kwanza, husukumwa kwa nguvu ya takriban kilo 240. Kwa kila sentimita ya urefu wa kioo, basi, mzigo umekuwa mara 4, ingawa maji ni yaleyale.

Mzigo huo hujibiwa kwa unene wa kioo. Kwa mahesabu yanayotumiwa na watengenezaji wengi, yenye ziada ya usalama inayokaribia mara 4, tangi la mlalo la mfano wetu lahitaji kioo cha milimita 8. La wima hupita kidogo milimita 12, na kwa kuwa kioo cha unene unaofuata sokoni ni cha milimita 15, hicho ndicho kinachostahili. Fundi mzoefu anaweza kutumia milimita 12 na kuongeza mikanda ya kioo inayoshika kingo za juu. Hiyo ni nafuu inayovumilika. Kioo cha milimita 6 kilichobaki kwenye kazi ya madirisha hakivumiliki kwa hali yoyote, hata kama fundi ataapa kwamba amewahi kutengeneza na halikupasuka.

Hapa mlaji aliye makini ataona jambo moja la bei. Eneo la kioo linalotumika katika matangi yote mawili linakaribiana: takriban mita za mraba 2.1 kwa la mlalo na 2.3 kwa la wima. Lakini la wima lahitaji kioo chenye unene unaokaribia mara 2. Kwa hiyo tangi la wima linalouzwa kwa bei ya tangi la mlalo la lita zilezile si la bei nafuu. Kuna mahali kioo kimepunguzwa. Mnunuzi aombe rula, apime unene wa ukingo wa kioo mbele ya muuzaji, na kipimo hicho kiandikwe kwenye risiti.

Gundi na sakafu

Kuta za tangi hushikwa na silikoni, na silikoni haziko sawa. Ile inayouzwa kwa ajili ya bafu na jikoni mara nyingi huchanganywa na dawa ya kuzuia ukungu, na dawa hiyo ni sumu kwa samaki. Mkopo wa silikoni usomwe kabla haujafunguliwa: uwe umeandikwa kwamba unafaa kwa matangi ya samaki. Baada ya kuungwa, tangi la vioo vinene liachwe bila maji kwa muda wa wiki 1 hivi, kwa sababu silikoni hukauka kuanzia nje kuingia ndani, na harufu kama ya siki ikiendelea kusikika ni dalili kwamba kazi haijakomaa.

Umuhimu wa viungo hivyo ulionekana mjini Berlin, Ujerumani, tarehe 16 Desemba 2022, pale tangi lililoitwa AquaDom lilipopasuka alfajiri katika ukumbi wa hoteli. Lilikuwa silinda ya plastiki ya akriliki yenye kimo cha takriban mita 14 na maji ya chumvi yapatayo lita milioni 1. Watu 2 walijeruhiwa, na wengi wa samaki wake wapatao 1,500 walikufa. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2023 haukuthibitisha chanzo kimoja; miongoni mwa yaliyofikiriwa ni kushindwa kwa kiungo cha gundi, na kukauka kwa plastiki wakati tangi lilipokuwa tupu kwa ajili ya ukarabati. Tangi la sebuleni halifanani na lile kwa ukubwa wala kwa malighafi. Hata hivyo, ajali hiyo yatukumbusha kwamba tangi refu linaweza kupasuka ghafla, bila kuanza kwa kuvuja, na wakati ambao hakuna anayelitazama.

Kwa sababu hiyo jaribio la maji lifanyike kabla ya malipo ya mwisho. Tangi liwekwe uani, mahali palipo sawa, lijazwe theluthi moja na kuachwa siku nzima. Kisha theluthi mbili, siku nyingine. Kisha lijazwe na kuachwa siku 3. Karatasi kavu ikitandazwa chini ya kingo zake itaonyesha hata tone moja. Fundi anayekataa jaribio hili kwa madai kwamba linamchelewesha asilipwe fedha iliyosalia.

Baada ya hapo lipo suala la sakafu. Tangi la mfano wetu likijaa maji, pamoja na kioo chake na mawe machache, hukaribia kilo 400, na uzito wote huo husimama juu ya eneo la theluthi moja tu ya mita ya mraba. Hiyo ni zaidi ya kilo 1,300 kwa mita moja ya mraba kwa pale linapokaa, ilhali sakafu ya ghorofa ya nyumba ya kuishi kwa kawaida husanifiwa kubeba kilo 150 hadi 200 kwa mita ya mraba. Anayeishi ghorofani amuulize mhandisi, si fundi wa vioo. Aliye chini, kama walivyo wengi Mkonze, ana nafuu, lakini katika nyumba mpya kifusi kilicho chini ya zege huweza kuendelea kushuka kwa miaka kadhaa. Tumia pimamaji siku ya kulisimamisha tangi, na tena baada ya miezi 3. Kitako cha sentimita 50 kikiinama sentimita 1, ncha ya juu ya tangi hili huwa imeinama karibu sentimita 2, na msukumo huhamia upande mmoja.

Dodoma imo katika eneo la Bonde la Ufa, na mitikisiko midogo ya ardhi husikika mara kwa mara. Meza ya tangi la wima ifungwe ukutani kwa vyuma na skrubu, na yenye nyumba yenye watoto wadogo ifanye hivyo hata kama ardhi haitikisiki kamwe. Mtoto anayetaka kumwona samaki aliye juu atapanda.

Pumzi ya samaki

Samaki huvuta oksijeni iliyoyeyuka majini, na oksijeni hiyo huingia kwa sehemu kubwa kupitia uso wa maji. Tangi letu la mlalo lina uso wa mita za mraba 0.6, la wima, 0.3. Kanuni ya zamani ya wafugaji ni kuruhusu sentimita 1 ya samaki kwa kila sentimita 30 za mraba za uso wa maji. Kwa kanuni hiyo tangi la mlalo hubeba samaki ambao urefu wao ukijumlishwa hufika sentimita 200, na la wima 100 tu, tena kwa samaki wadogo wembamba. Muuzaji wa samaki anayeuliza tu “tangi lako lina lita ngapi?” atakuuzia samaki mara 2 ya wanaostahili.

Dodoma huongeza ugumu wake. Jiji liko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na maji ya joto lilelile hushika oksijeni pungufu kwa takriban sehemu moja ya nane kuliko Dar es Salaam. Maelekezo yaliyoandikwa kwenye maboksi ya vifaa hayakuandikwa kwa kufikiria Mkonze.

Dawa yake ni mzunguko. Pampu inyonye maji ya chini na kuyatoa juu, ikivuruga uso wa maji. Mzunguko huo hutatua pia suala la joto: katika tangi la wima maji ya moto hupanda na ya baridi hutuama chini, kiasi kwamba kipimajoto kilichobandikwa juu humpa mwenye tangi habari za nusu ya tangi tu. Weka vipimajoto viwili. Hita nayo ikae karibu na chini.

Wanunuzi wengi hushangaa mashine ndogo ya hewa inaposhindwa kutoa mapovu. Mara nyingi mashine haina kasoro. Maji ya kina cha karibu mita 1 huisukuma hewa nyuma, na mashine nyingi za bei ndogo hazikuundwa kwa kina hicho. Kabla ya kununua, soma kwenye boksi kina inachomudu. Kama imekwisha kununuliwa, inua jiwe la mapovu hadi katikati ya tangi. Jambo la pili, ambalo ni la hatari zaidi, ni kukatika kwa umeme. Mashine ikiwa imewekwa chini ya usawa wa maji, umeme ukikatika maji hurudi kupitia mpira na kuifikia mashine, soketi na zulia. Vali ndogo ya kuzuia maji kurudi huwekwa kwenye mpira huo, na bei yake ni ndogo mno kulinganisha na hasara inayoiepusha. Nyaya zote zining'inie chini ya soketi kabla ya kupanda kuifikia, ili tone la maji lidondoke sakafuni badala ya kufuata waya. Vifaa vya umeme viwe na alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na viwe vya volti 230.

Umeme ukikatika kwa saa nyingi, samaki wasilishwe. Mashine ya hewa ya betri ni akiba nzuri. Chujio lililofungwa likikaa saa kadhaa bila maji kupita, lifunguliwe na kuoshwa kabla ya kuwashwa, kwani bakteria waliokufa ndani yake hutoa maji machafu yenye sumu.

Maji tuliyo nayo

Maji ya bomba ya Dodoma husambazwa na Mamlaka ya Maji Safi na Usafi wa Mazingira Dodoma (DUWASA), na chanzo chake kikuu ni visima virefu vya bonde la Makutupora. Maji ya visima vya eneo hili la kati kwa kawaida ni magumu: huacha ukoko kwenye birika, na sabuni haitoi povu upesi. Wapo wanaoshauriwa kununua dawa za kuyalainisha. Kabla ya kutumia fedha hizo, fikiria kubadili samaki badala ya maji.

Ziwa Tanganyika lina maji magumu yenye alkali, na samaki wake wa mapambo, wanaosakwa na wafugaji duniani kote, huzaliwa na kukulia katika maji ya namna hiyo. Tangi la wima laweza kufanywa mfano wa ukingo wa ziwa hilo: mawe yaliyopangwa kutoka chini hadi karibu na juu, na makombe ya konokono chini kabisa. Ndani ya makombe hukaa Neolamprologus multifasciatus, samaki wa sentimita 4 hadi 5 ambaye eneo lake lote la maisha halizidi ukubwa wa sinia. Katika nyufa za mawe hukaa jamii ya Julidochromis. Juu yao Altolamprologus, mwenye mwili mwembamba uliobanwa ubavuni, hupenya taratibu kati ya mawe. Wote hawa hukaa mahali pao na hawahitaji mbio ndefu. Cyprichromis, ambaye husifiwa na wauzaji kwa kuwa huogelea juu, huishi kwa makundi na hutaka nafasi ya kwenda upande. Urefu wa sentimita 60 haumtoshi, na akishtuka huruka nje ya tangi. Mawe yote yakae juu ya kitako chenyewe kabla mchanga haujamwagwa, la sivyo samaki wachimbaji watayaangusha juu ya kioo.

Mimea ya chini hupata mwanga hafifu, kwa sababu mwanga hupungua kadiri unavyoshuka. Anubias, mmea wa Afrika unaofungwa juu ya jiwe bila kuhitaji udongo, huvumilia hali hiyo. Vallisneria, ambayo huota ndani ya Ziwa Tanganyika, ina majani kama utepe na itapanda yenyewe kuufuata mwanga.

Maji ya bomba hutiwa klorini ili yawe salama kwa binadamu. Yaachwe siku 1 hadi 2 katika vyombo vyenye mdomo mpana, au yatiwe dawa ya kuondoa klorini, kabla ya kuingia tangini. Tangi jipya liendeshwe wiki 4 hadi 6 likiwa na samaki mmoja au wawili tu. Katika muda huo bakteria hujijenga ndani ya chujio, wale wanaogeuza amonia ya kinyesi kuwa nitriti na kisha nitrati. Katika maji ya alkali kama yetu amonia huwa kali mara nyingi zaidi kuliko katika maji laini, hivyo anayejaza samaki wote siku ya kwanza huwapoteza ndani ya wiki chache na kumlaumu muuzaji bure.

Kazi ya kila wiki

Badilisha robo ya maji kila wiki. Kwa mfano wetu hiyo ni lita 70 hivi, ndoo tatu na nusu za lita 20, na kwa mwezi lita 280. Uniti moja ya bili ya maji ni lita 1,000, kwa hiyo gharama ya maji isimtishe mtu. Umeme ndio wa kupigiwa hesabu. Hita ya wati 200 ikiwaka nusu ya siku katika usiku wa baridi wa Juni na Julai hula uniti 2.4 za LUKU kwa siku. Taa ya wati 30 kwa saa 8 hula robo ya uniti.

Ugumu wa tangi la wima ni mkono. Mkono wa mtu mzima haufiki chini ya maji ya sentimita 90, na anayejaribu hupanda kigoda, hulalia ukingo wa kioo, na hapo ndipo matangi huvunjika. Nunua pamoja na tangi, wala si baadaye, sumaku ya kusafishia kioo, koleo refu na mpira wa kunyonya uchafu wa chini. Chagua meza fupi, isiyozidi sentimita 50. Ndoo ya maji yenye kilo 20 ni nzito kuinuliwa hadi kifuani, na pampu ndogo ya kupandisha maji huokoa mgongo. Sifongo ya chujio isuuzwe kwa maji yaliyotolewa tangini, kwani klorini ya bomba huua bakteria waliojengwa kwa wiki 6.

Kiangazi cha Dodoma ni kikavu na maji hupungua tangini upesi. Kinachopotea hewani ni maji matupu, chumvi hubaki. Anayeongeza maji ya kisima kila mara huzidi kuyafanya magumu. Maji ya mvua yaliyovunwa kutoka bati safi kati ya Desemba na Aprili, yakihifadhiwa simtanki lililofunikwa, yafaa sana kwa nyongeza hiyo.

Aliyechoka na samaki wake awarudishe dukani au ampe mfugaji mwingine. Asiwamwage katika Bwawa la Hombolo wala mtoni. Sangara aliyepandikizwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 alichangia kutoweka kwa aina nyingi za furu.

Tangi likiwa na kasoro

Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza maelezo ya kupotosha kuhusu bidhaa, na fundi aliyeahidi kioo cha milimita 15 akaweka 10 ametoa maelezo ya namna hiyo. Bango la “bidhaa ikishauzwa hairudishwi” halimnyimi mnunuzi haki yake pale bidhaa inapokuwa na kasoro. Lakini haki hudaiwa kwa ushahidi. Makubaliano na fundi yaandikwe, hata kwenye karatasi moja, yakitaja vipimo vitatu vya tangi, unene wa kila kioo, aina ya silikoni, siku za jaribio la maji, na nani atabeba gharama ya usafirishaji tangi likivuja. Dai risiti ya EFD kwa muuzaji anayewajibika kuitoa.

Tangi likianza kuvuja, zima umeme kwenye swichi kuu kabla ya kugusa maji, toa maji hadi chini ya mahali panapovuja, na wahamishie samaki kwenye ndoo zenye maji ya tangi hilohilo. Piga picha za kiungo kilichoachia, ukiweka rula kando ya ukingo wa kioo, kabla fundi hajafika kukirekebisha. Mpe muuzaji taarifa kwa maandishi na muda wa kujibu. Asipojibu, malalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani pamoja na nakala ya makubaliano, risiti na picha hizo.